Kwa nini tumjengee mchungaji nyumba?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nauza mitumba hapa Moshi, ni Mlutheri tangu utoto. Usharika wetu unajenga nyumba ya mchungaji, na kila kaya imepangiwa bati tano. Mume wangu amegoma. Anasema Mtume Paulo alishona mahema huku akihubiri, basi na mchungaji wetu ajitafutie. Jirani yangu Mwislamu naye anasema kwao imamu hadai mshahara. Nina watoto watatu shuleni na ada ya mkubwa haijaisha. Kwa nini watu wenye shida zetu tumtunze mtu mzima mwenye afya yake? Na hizo bati, nitoe au nisitoe?

Jibu: Marahaba dada yangu. Mume wako ameshika jambo la kweli, kwa hiyo naanzia kwake.

Paulo alishona mahema kweli. Alipofika Korintho alikaa kwa Akila na mkewe Prisila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Imo katika Matendo sura ya 18. Lakini ni Paulo huyo huyo aliyewaandikia Wakorintho, sura ya 9 ya waraka wa kwanza, akiitetea haki ya mhubiri kulishwa kwa ukali ambao huupati kwingine katika Biblia. Anauliza ni askari gani anayekwenda vitani kwa gharama zake, na ni nani anayepanda mizabibu asile matunda yake. Anaikumbusha sheria ya Musa ya kutomfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Akishamaliza kuithibitisha haki hiyo, ndipo anasema kwamba yeye hakuitumia.

Ila kwa Wafilipi alipokea. Mwishoni mwa barua yake kwao anakiri kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimtumia msaada, tena zaidi ya mara moja. Kwa nini mtu mmoja aupokee mkate wa Filipi na kuukataa wa Korintho? Ninavyozisoma barua hizo, Wakorintho walikuwa wamegawanyika, huyu ni wa Paulo, yule ni wa Apolo, mhubiri mwingine, na tajiri ambaye angemlisha Paulo angetaka kumwita wake. Wafilipi walimtumia kama ndugu wanavyomtumia ndugu yao aliye safarini.

Hapo ndipo lilipo jibu langu, dada. Chakula cha kiongozi wa dini kina mwenyewe, na huyo mwenyewe ndiye ambaye kiongozi atamtazama usoni kabla ya kufungua kinywa. Watu wanaochangishana kumtunza mchungaji au shehe wao wanajitahidi, hata wasipolisema hivyo, awe wa wote na asiwe wa mtu mmoja.

Watu wengi hutaja kwanza suala la muda, nalo ni la kweli. Israeli walipogawana nchi, kabila la Lawi halikupewa shamba. Hesabu sura ya 18 inaeleza kwamba zaka za makabila mengine ndizo zitakuwa urithi wao, badala ya ardhi, kwa ajili ya utumishi wao katika hema ya ibada. Sasa fungua Nehemia sura ya 13 uone utaratibu huo ulivyovunjika. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta hekalu halina wahudumu. Hawakuwa wameasi wala kufukuzwa. Mafungu yao hayakutolewa, wakakimbilia kila mtu shambani kwake, wao pamoja na waimbaji. Nehemia hakuwagombeza Walawi. Aliwagombeza wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa.

Jambo hilo nililiona kwa macho yangu nikiwa kijana, katika usharika mmoja wa mlimani ambao sitautaja. Posho ya mchungaji ilikuwa imekatika kwa miezi kadhaa, naye akaanza kulima nyanya karibu na mfereji. Bibi mmoja akafariki, sisi vijana tukatumwa kumwita mchungaji kwa ajili ya maziko. Mkewe alituambia yuko kwenye zamu ya maji. Tulimkuta ameikunja suruali hadi magotini, jembe mkononi, anaziba tope upande mmoja ili maji yaingie upande wake. Alituangalia, akayaangalia maji, akasema kwamba akiiacha zamu ile ataipata tena wiki ijayo na nyanya zitakuwa zimekauka. Alikuja, lakini alichelewa sana. Alipoinua mkono kubariki kaburi, kucha zilikuwa bado na udongo wa mferejini. Kijiji kizima kilimsema, nami nilikuwa mmojawapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama siku ile akauliza mara ya mwisho alipewa posho lini. Bado linaniuma.

Kazi ya mchungaji haiji kwa ratiba. Mgonjwa hazidiwi siku ya mapumziko yake, na wana ndoa hawagombani saa za kazi. Paulo aliweza kushona mahema kwa sababu alikuwa mtu wa safari, hana mke, hana usharika wa kukaa nao miaka kumi. Mchungaji wenu akifungua duka la vifaa vya ujenzi atalipwa na duka, na duka ndilo litakalokuwa na haki ya muda wake.

Jirani yako naye amesema kweli, na ningependa umsikilize vizuri. Katika Surat Ash-Shu'araa mitume watano, Nuhu, Hud, Saleh, Lut na Shuaib, kila mmoja anawaambia watu wake neno lile lile: siwaombi ujira kwa kazi hii, ujira wangu uko kwa Mola wa walimwengu. Tena zaka ya Kiislamu siyo zaka tunayoisema sisi kanisani. Kwetu ni sehemu ya kumi na inakwenda kanisani. Kwao ina mafungu manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60, kuanzia mafukara na maskini, na imamu hakutajwa humo kwa uimamu wake. Neno moja, mambo mawili; majirani wengi hugombana kwa kutojua hilo.

Lakini muulize pia habari ya Abu Bakr, sahaba wa Mtume Muhammad. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, kama wewe. Inasimuliwa kwamba baada ya kuchaguliwa kuwa khalifa aliamka asubuhi akabeba nguo zake begani kwenda sokoni kama kawaida. Umar, sahaba mwenzake, akakutana naye njiani, akamuuliza atauzaje nguo naye ameshakabidhiwa mambo ya Waislamu. Abu Bakr akauliza watu wa nyumbani kwake watakula nini. Wakakaa, wakampangia riziki kutoka Baitul Mali, yaani hazina ya Waislamu. Na maneno yake yamehifadhiwa: watu wangu wanajua kwamba biashara yangu haikushindwa kuilisha familia yangu, ila sasa nimeshughulishwa na mambo ya Waislamu, kwa hiyo familia ya Abu Bakr itakula katika mali hii.

Wanazuoni wa mwanzo wa Hanafi, moja ya madhehebu ya Kiislamu, walikataza mwalimu kupokea ujira kwa kufundisha Qur'ani. Waliowafuata wakaja kuruhusu. Walisema ruzuku za Baitul Mali zimekatika, walimu wanakimbilia shughuli nyingine, na elimu itapotea. Soma tena Nehemia 13 uone kama hoja siyo hiyo hiyo. Wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, waliruhusu mapema.

Na pwani mwalimu wa chuo cha Qur'ani hakuachwa mikono mitupu. Neno kuhitimu, ambalo leo tunalitumia kwa shahada za chuo kikuu, asili yake ni Kiarabu, kukamilisha, na kwa watoto wa pwani jambo la kwanza kuhitimu lilikuwa msahafu. Mtoto akikhitimu, nyumbani hupikwa na mwalimu hukumbukwa kwa zawadi. Juu ya hapo kuna wakfu. Mtu ana nyumba ya kupangisha Mombasa, au shamba la minazi, au mikarafuu Unguja. Anaifunga isiuzwe wala isirithiwe, mapato yake yaende msikitini: mikeka, taa, maji ya kutawadhia, riziki ya imamu. Mambo haya ni mazito kiasi kwamba Kenya na Zanzibar zote zina tume za wakfu zilizowekwa kisheria. Kwa hiyo inawezekana imamu wa jirani yako hadai mshahara kwa sababu kuna mtu aliyefariki zamani ambaye bado anamlisha, au kwa sababu ana duka lake, au kwa sababu watu wa mtaa wanampelekea futari na mchele bila kutangaza. Muulize. Nina hakika atakutajia kimojawapo.

Mimi naupenda wakfu. Imamu anayelishwa na marehemu hana tajiri wa kumtishia. Ila una udhaifu wake: waumini walio hai hawachangii kila wiki, na asiyechangia husahau kuuliza mapato yamekwenda wapi. Uganda jambo hilo lilifanyika kwa ardhi. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliyapa mashirika matatu ya misioni maili za mraba 92. Ardhi ni ngao nzuri kwa kanisa, na ni kishawishi kikubwa vilevile.

Sasa turudi kwenu mlimani, maana historia ya usharika wako ndiyo inayonigusa zaidi. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Miaka hiyo ya mwanzo mkate wa kanisa ulitoka Ujerumani. Vita ya kwanza ikaja, koloni likaenda kwa Waingereza, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wakalazimishwa kuondoka. Walirudi baada ya miaka michache. Vita ya pili ikaja, wakawekwa kizuizini, na fedha za Ujerumani zikakatika tena. Mara mbili katika kizazi kimoja kanisa la Kilimanjaro liliona vita vya watu wengine vikikata mkate wake. Waliolishikilia ni walimu na wazee wa vijijini, na wake zao, kwa ndizi zao na vibuni vya kahawa. Ilipofika 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa KKKT, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa Mchaga, Stefano Moshi. Siamini kwamba jambo hilo lingewezekana kama watu wa mlimani wasingekuwa wamekwisha kujifunza kutoa.

Ujerumani kwenyewe leo mshiriki hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kutegemea jimbo, na serikali ndiyo inayoikusanya. Mchungaji wa kule ana uhakika wa mwisho wa mwezi. Lakini mchango umekuwa mstari kwenye karatasi ya mshahara, na aliyechoka huenda ofisini kujiandikisha kwamba ametoka kanisani. Wewe unamwona mchungaji wako na yeye anakuona. Unaponung'unika kuhusu bati, unanung'unika kama mwenye mali. Usiidharau haki hiyo.

Wakenya nao walipitia njia hii. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alisimama Marekani, mbele ya watu waliokuwa wakituma fedha na wamisionari Afrika, akawaomba wasitishe vyote kwa muda. Aliona kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na kwamba kanisa lisilojilisha halijui lina nguvu gani. Neno la kanisa lake likawa Jitegemea. Wengi walimshangaa, wengine walikasirika. Mimi nasema alisema kweli.

Na wasipotoa wageni wala waumini, mtoaji hatakosekana. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza irudishwe michango ambayo Rais William Ruto alikuwa ameitoa katika parokia ya Soweto, Nairobi, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kujenga nyumba ya mapadre. Dada, nyumba ya mapadre! Jambo lile lile linalowasumbua ninyi na bati zenu. Rais angeimaliza kwa mkupuo mmoja, na wakina mama wa parokia wasingechangishwa hata shilingi. Askofu alirudisha. Mwaka ule maaskofu wa Kenya walikuwa wameikosoa serikali hadharani. Padre anayelala chini ya bati la mwanasiasa atamhubirije mwanasiasa huyo?

Ndiyo maana mnada wa sadaka naupenda kuliko njia zote za kutoa nilizowahi kuziona. Unaujua. Ibada imekwisha, watu wametoka nje, mzee wa kanisa anashika jogoo kwa mabawa. Mwenye kumtoa hakuwa na fedha, alikuwa na jogoo. Anaanza na elfu kumi, mtu anapandisha, mwingine anapandisha, jogoo anatulia kana kwamba anasikiliza. Aliyeshinda analipa kisha anasema, "Namrudisha." Jogoo anauzwa tena. Nimewahi kuona yai moja, yai la kuku wa kienyeji, likinunuliwa mara nne na kurudishwa mara nne, hadi likawa limechangia zaidi ya gunia la mahindi lililokuwa pembeni. Bibi aliyelileta alikuwa amekaa kwenye benchi, kitenge kimefunika magoti, anahesabu kwa vidole lilipofikia. Yai lile lilikuwa lake mpaka mwisho. Hakuna hundi ya mtu mkubwa itakayompa bibi yule nafasi ile ya kusema kanisa ni langu na mchungaji ni wangu.

Yote hayo yanaharibika pale kinacholiwa hakihesabiwi. Wakristo wa mwanzo walijua hatari hiyo mapema. Kuna mwongozo wa kale uitwao Didake, wa takriban mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, ambao unawaambia waumini hivi: mtume akija mpokeeni, akae siku moja, ikibidi na ya pili, akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa safari. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Lakini mwongozo huo huo unasema nabii wa kweli anayetaka kukaa kwenu anastahili chakula chake, mpeni malimbuko ya mavuno yenu, na kama hamna nabii, wapeni maskini. Walitofautisha anayekuja kuchuma na anayekuja kukaa. Nyumba mnayojenga ni ya mtu wa kukaa.

Tena nyumba hiyo siyo yake. Mumeo anasema mnamjengea mchungaji, na hata mwenyekiti wa ujenzi husema hivyo kwa kuzoea. Hati ya kiwanja isome jina la kanisa, na mchungaji akipata uhamisho atafungasha vitanda vyake aache funguo mezani. Atakayekuja baada yake atalala hapo, na atakayezika wajukuu wako pia. Kama katika usharika wenu mambo hayako hivyo, basi hapo mumeo agome, nami nitakuwa upande wake.

Niliwahi kuwa mweka hazina. Jumapili mchana tulikuwa watu wanne kwenye meza ya ofisini, mlango wazi, tunatenga sarafu mafungu mafungu, tunanyoosha noti zilizokunjwa mara nane, tunasoma namba za bahasha huku mmoja anaandika na mwingine anarudia kwa sauti. Mchungaji haruhusiwi kugusa, na alifurahi kwa hilo, kwa sababu hakuna aliyeweza kumsingizia. Nehemia alifanya hivyo hivyo: alipowarudisha Walawi aliwaweka watu wa kusimamia ghala, akachagua waliojulikana kwa uaminifu. Wakatoliki wameliweka katika sheria yao ya kanisa ya 1983, kwamba kila parokia iwe na kamati ya fedha. Mahali ambapo mtumishi mwenyewe ndiye anayekusanya, anayehesabu na anayetumia, usitoe hata senti, awe amevaa joho la namna gani.

Na kuna mtu tunamsahau tunapozungumzia nyumba ya mchungaji. Mwinjilisti wa mtaani kwenu anaishi wapi? Mara nyingi yeye ndiye anayefika kwa mgonjwa kwanza, kwa miguu, na posho yake haitoshi sabuni. Ukipata nafasi ya kusema kikaoni, mtaje.

Sasa bati. Kupanga kiwango kimoja kwa kila kaya ni kosa, naomba wazee wenu wasome haya. Kaya ya mwenye lori na kaya ya mjane hazilingani. Paulo huyo huyo wa mahema, alipokuwa akiwachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwaandikia katika waraka wa pili sura ya 8 kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, siyo kwa kadiri ya asicho nacho. Kusoma majina ya wasiomaliza mbele ya ibada, kama inafanyika kwenu, ni kuwaaibisha maskini ndani ya nyumba yao.

Kwa hiyo lipa ada ya mtoto kwanza. Usiende kwenye kikoba kukopa kwa ajili ya bati; mchungaji mwenye moyo hatataka kulala chini ya deni lako. Kisha nenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wenu umwambie wazi: mimi mwaka huu naweza bati moja, na nyingine nitaleta kadiri biashara itakavyokwenda. Mwambie aandike, akupe stakabadhi. Kama ana busara atakushukuru kwa hiyo moja.

Na mumeo asikae nyumbani na hoja yake. Mkutano wa usharika utakapoitishwa aende, akae mbele, aulize bati ngapi zimeingia, ngapi zimepauliwa, ngapi ziko stoo na ufunguo anao nani. Akijibiwa vizuri, bati zilizobaki atazileta mwenyewe.